Filta za kaboni: Inayofaa Nairobi huenda isifae Arusha

Katriji nyeupe ya inchi 10 iliyojazwa kaboni inaonekana ileile ikiwa kwenye rafu ya duka la Nairobi, ndani ya boksi linalovushwa Namanga, au mikononi mwa fundi bomba wa Arusha. Jina la kiwanda linaweza kubadilika na bei ikapishana kidogo, lakini kilichomo ndani ni kitu kimoja. Kisichokuwa kimoja ni maji. Mteja wa Nairobi aliyechoshwa na harufu ya klorini atarudi kushukuru. Mteja wa Arusha aliyenunua katriji hiyohiyo ili watoto wake wasiote meno ya kahawia atakuwa ametupa pesa, na meno ya watoto yataendelea kuharibika huku mzazi akiamini amewakinga.

Hapo ndipo wafanyabiashara wengi wa bidhaa hii wanapojikwaa. Wanaagiza kwa kuangalia bei ya kununulia na bei ya kuuzia, bila kuuliza maji ya mahali wanapopeleka mzigo yana shida gani. Filta ya kaboni ni bidhaa nzuri kwa kazi yake, lakini kazi yake ina mipaka, na mipaka hiyo inafuata ramani ya maji ya ukanda huu kuliko mipaka ya nchi.

Kaboni hunasa, haichuji

Kaboni ya filta, ambayo vitabuni huitwa kaboni amilifu, ni mkaa. Huanza kama vifuu vya nazi, mbao au makaa ya mawe. Vifuu huchomwa kwanza penye hewa kidogo hadi viwe mkaa wa kawaida, kisha mkaa huo hupitishiwa mvuke wa maji katika tanuri lenye joto la kati ya nyuzi 800 na 1,000 za Selsiasi. Mvuke hula sehemu ya mkaa na kuacha vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Takriban tani tatu za mkaa wa vifuu hutoa tani moja tu ya kaboni, ndiyo maana bei yake haiwezi kukaribia ya mkaa wa jikoni. Anayeuza kaboni kwa bei ya mkaa, basi anauza mkaa.

Vitundu hivyo ndivyo vyenye thamani. Gramu moja ya kaboni ina eneo la uso la kati ya mita za mraba 500 na 1,500. Kijiko kikubwa kimoja kinaweza kuwa na eneo linalokaribia uwanja mzima wa mpira. Maji yanapopita, vitu vya aina fulani hunata kwenye uso huo na kubaki hapo. Vinavyonata vizuri ni vile vyenye asili ya viumbe hai au mafuta, kama rangi ya majani yaliyooza, harufu ya tope, dawa za kuulia wadudu na masalia ya petroli. Klorini nayo huisha inapogusa kaboni, kwani hubadilika kuwa chumvi kidogo isiyo na harufu. Ni sifa hiyo iliyofanya kaboni iwekwe kwenye barakoa za askari baada ya gesi ya klorini kutumika vitani Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915.

Chumvi na madini yaliyoyeyuka, kinyume chake, hupita kama vile hakuna kitu.

Kwenye soko la kweli

Mji wenye maji ya bomba yaliyotiwa dawa ni soko la asili la kaboni. Nairobi, Kampala, Dar es Salaam kwenye mitaa yenye maji ya mamlaka, wote hawa wanakunywa maji yenye klorini, na wengi hawapendi ladha yake kwenye chai. Miji ya kando ya Ziwa Viktoria ina sababu ya ziada. Mwani unapozidi ziwani, hasa kwenye ghuba kama ile ya Winam upande wa Kisumu na ile ya Mwanza, maji huweza kuja na harufu ya udongo au ya majani hata yakiwa yametibiwa. Harufu hiyo ni moja ya vitu ambavyo kaboni hunasa vizuri kabisa.

Soko jingine ni la mashine za RO, zinazosukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando mwembamba ili kuondoa chumvi. Utando huo huharibiwa na klorini. Kwa hiyo karibu kila mashine ya RO ina kaboni mbele ya utando, na nyingi za nyumbani zina kaboni nyingine ndogo mwishoni kwa ajili ya ladha. Mwenye kituo cha kuuza maji ya madumu anabadilisha kaboni mara nyingi kuliko familia yoyote, na hachagui kwa rangi ya boksi. Kwa msambazaji, mteja mmoja wa aina hiyo ana thamani ya nyumba nyingi.

Floraidi: kosa la bei kubwa

Kuanzia Nakuru na Naivasha hadi Arusha, Meru na sehemu za Kilimanjaro na Manyara, miamba ya volkano huachia floraidi kwenye maji ya ardhini na kwenye baadhi ya mito. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kiwango cha maji ya kunywa cha Afrika Mashariki, EAS 12, kinashika namba hiyohiyo. Vyanzo vingi vya maeneo haya viko juu ya hapo, na vile vya karibu na Ngurdoto na Maji ya Chai, wilayani Arumeru, vinajulikana kwa kuzidi mno. Matokeo yake ni meno yenye madoa na, kwa wanaokunywa kingi kwa miaka mingi, mifupa inayopinda.

Kaboni ya vifuu haiondoi floraidi kwa kiasi cha maana. Kinachoiondoa ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, bidhaa nyingine kabisa, na hapa jina ndilo linaloleta vurugu. Vyote ni "mkaa", vyote ni vyeusi, vyote huingia kwenye ndoo au mtungi. Lakini mkaa wa mifupa hufanya kazi kwa sababu ya madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyomo mfupani, ambayo hushikana na floraidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeutumia kwa miaka mingi, na Nakuru mpango wa maji ulioanzishwa na Jimbo Katoliki ulizaa uzalishaji wa mkaa huo kwa ajili ya kuuza. Nao huchoka baada ya muda na lazima ubadilishwe, kwa hiyo maji yapimwe mara kwa mara.

Anayepeleka filta Arusha ana njia mbili za haki: kuuza za mkaa wa mifupa au za RO kwa ajili ya floraidi, au kuuza za kaboni kwa ajili ya ladha na harufu na kumwambia mteja hivyo waziwazi. Njia ya tatu, ya kukaa kimya, ndiyo iliyozoeleka.

Chumvi ya Pwani ni kisa cha aina hiyohiyo. Visima vingi vya Dar es Salaam na mwambao wa Kenya vina maji ya chumvichumvi, na hakuna wingi wa kaboni utakaobadilisha hilo. Tofauti ni kwamba chumvi mteja anaionja siku ya kwanza na kurudisha mali. Floraidi haionjeki.

Wadudu wa maradhi

Jambo lenye hatari ya haraka zaidi ni vijidudu. Kaboni haiui bakteria wa kipindupindu wala wa homa ya matumbo. Baya zaidi, inaweza kuwaondolea maji kinga waliyokuwa nayo. WHO hutaka maji ya bomba yafike kwa mtumiaji yakiwa na angalau miligramu 0.2 ya klorini kwa lita ili yasichafuke njiani na kwenye vyombo. Filta ya kaboni huimaliza klorini hiyo. Maji yakitoka hapo na kukaa ndooni siku mbili, hayana tena kinachoyalinda. Na ndani ya katriji yenyewe, penye giza, unyevu na chakula kilichonaswa, bakteria huzaliana.

Kwa hiyo mpangilio ni muhimu. Maji yenye mashaka hutiwa dawa kwanza na kuachwa nusu saa, ndipo yapite kwenye kaboni ili harufu iondoke, kisha yanywewe mapema badala ya kurundikwa. Vinginevyo yachemshwe baada ya filta. Kuna kaboni iliyotiwa madini ya fedha, ambayo hupunguza bakteria kuzaliana ndani ya katriji, lakini haigeuzi maji ya mto kuwa salama, hata kama boksi linaonyesha mtoto anayecheka na bilauri mkononi.

Hili si la nadharia kwa wanaofanya biashara ukanda wa Ziwa Tanganyika. Uvira na Kigoma vimekuwa na milipuko ya kipindupindu kwa miaka mingi. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana katika kijiji cha Kagunga, mkoani Kigoma, ugonjwa huo uliua watu wapatao 30 katika wiki chache. Mfanyabiashara anayeshusha filta za kaboni pekee katika mji wa namna hiyo na kuziita "filta za maji salama" anabeba lawama nzito kuliko faida ya boksi.

Matangi ya samaki

Ziwa hilohilo lina biashara nyingine inayotumia kaboni. Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wadogo wa jamii ya perege, karibu wote hawapatikani kwingine duniani, na wamekuwa wakisafirishwa hai kwa ndege kwa miongo mingi kutoka Burundi, Zambia, Tanzania na Kongo kwenda kwa wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya, Marekani na Asia. Mjini nako, hoteli na ofisi zinaweka matangi ya kioo mapokezi, na wauzaji wa vifaa wameongezeka.

Kwa samaki klorini ni sumu, huunguza matamvua. Tangi linalojazwa maji ya bomba bila kuondolewa klorini linaweza kuua samaki wote kabla ya jioni. Kaboni mahali pa kuingizia maji hutatua hilo. Ndani ya tangi, huondoa umanjano wa maji, harufu, na masalia ya dawa baada ya matibabu kuisha. Wakati wa matibabu yenyewe lazima itolewe, la sivyo itanasa dawa na samaki atakufa na ugonjwa wake.

Wauzaji wa vifaa hivi hukosea pale wanapodai kaboni huondoa uchafu wa samaki. Sumu kuu inayotokana na kinyesi ni amonia, na kaboni haiigusi. Inayoiondoa ni bakteria wanaoishi kwenye sifongo na vikokoto vya filta, ambao huhitaji wiki kadhaa kujijenga. Mteja mpya anayejaza samaki siku ya kwanza akitegemea pakiti ya kaboni atawapoteza, kisha atalaumu samaki. Duka lenye akili humuuzia sifongo kwanza na kaboni baadaye. Katika tangi dogo, pakiti ya kaboni hudumu takriban wiki tatu hadi nne, hivyo mauzo ya marudio yapo bila uongo wowote.

Miji mingine, hasa ya Marekani, hutumia kloramini badala ya klorini tupu. Kaboni huivunja taratibu, lakini kinachobaki ni amonia. Msafirishaji wa samaki anayepewa malalamiko na mnunuzi wa huko kwamba "samaki wamefika wagonjwa" afanye vizuri kuuliza maji waliyopokelewa nayo.

Kusoma boksi na kupiga hesabu

Maneno "huondoa asilimia 99.9 ya uchafu" hayana maana mpaka isemwe uchafu gani. Afadhali kutafuta namba za viwango. Kiwango cha Marekani NSF/ANSI 42 kinahusu ladha, harufu na klorini tu. Namba 53 inahusu vitu vinavyodhuru afya, kama risasi, na ni lazima kila kitu kitajwe kwa jina. Namba 58 ni ya mashine za RO. Boksi lenye 42 peke yake halijadai kuzuia ugonjwa wowote, hivyo muuzaji asilidaie.

Kwa kaboni ya magunia, waagizaji huuliza namba ya iodini, yaani miligramu za iodini zinazonaswa na gramu moja. Kaboni nzuri ya vifuu kwa ajili ya maji huwa karibu na 900 hadi 1,100. Mzigo usio na karatasi ya vipimo hivi ni wa kukisia. Sehemu kubwa ya kaboni ya vifuu hutoka Sri Lanka, India, Ufilipino na Indonesia.

Kisha kuna gharama kwa lita, hesabu ambayo wateja wachache hufanyiwa. Tuseme katriji inauzwa shilingi 15,000 na imepangiwa lita 5,000. Familia inayotumia lita 20 kwa siku kunywa na kupikia ingeimaliza kwa siku 250, sawa na shilingi 3 kwa lita, ingawa viwanda vingi hutaka ibadilishwe baada ya miezi sita hata kama lita hazijatimia. Fundi akiifunga kwenye bomba kuu la nyumba inayotumia lita 400 kwa siku, itakuwa imechoka kabla ya wiki mbili. Baada ya hapo maji yanaendelea kutoka kama kawaida, na hakuna taa inayowaka kusema kazi imekwisha. Filta hizi zinastahili bomba lake dogo jikoni.

Kaboni ya migodini isiingie jikoni

Tanzania mnunuzi mkubwa wa kaboni si nyumba bali ni dhahabu. Mitambo ya Geita, Mara na wachenjuaji wadogo wa Kanda ya Ziwa hutumia kaboni ya vifuu kunasa dhahabu iliyoyeyushwa kwa sayanaidi. Kaboni iliyokwisha nasa dhahabu ni mali ya madini mbele ya sheria, na dereva anayepakia magunia yake bila vibali vya Tume ya Madini anajiweka pabaya hata kama aliambiwa ni "mkaa wa filta".

Iliyochoka nayo ina mabaki ya sayanaidi na huenda zebaki. Kuichoma upya huirudishia nguvu ya kunasa dhahabu, haiifanyi ifae kwa maji ya kunywa wala kwa samaki. Magunia ya bei ya chini mno yasiyo na jina la kiwanda, yanayotokea upande wa machimbo, ni ya kukataa.

Mpakani na barabarani

Kwenye forodha, vitu vitatu vinavyofanana hukaa kwenye vifungu tofauti. Kaboni ya magunia ni 3802.10. Filta nzima ya kusafishia maji ni 8421.21, na katriji za kubadilishia huingia kwenye sehemu za vifaa hivyo, 8421.99. Mkaa wa mifupa ni 3802.90, na mkaa wa vifuu ambao haujapitishwa mvuke ni 4402.20. Ankara inayosema "charcoal filter" bila maelezo humpa ofisa nafasi ya kuchagua kifungu, na gari hulala.

Wachuuzi wadogo hutegemea cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Katriji ya China iliyonunuliwa Nairobi haipati uasili kwa kuvuka Namanga, hata ikiwa boksi moja.

Kwa wasafirishaji, kaboni ina namba ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa hatari, UN 1362, daraja la 4.2, kwa kuwa baadhi yake huweza kujipasha joto hadi kuwaka. Iliyotengenezwa kwa mvuke au iliyofaulu vipimo huweza kupata msamaha, lakini msamaha huo husimama kwenye karatasi, si kwenye neno la mwenye mzigo. Cheti kiombwe kabla ya kupakia. Kwa mkaa wa kawaida, ukiwemo wa vifuu, kanuni za usafiri wa baharini zimebana zaidi: tangu Januari 1, 2026 husafirishwa melini kama bidhaa hatari, na msamaha wa zamani wa vipimo haupo tena.

Kaboni hunusa kila kitu. Ikipakiwa na mbolea, sabuni, dizeli au dagaa, itanasa harufu hiyo na kuwa imechoka kabla ya kufika dukani. Ikilowa huwa hatari ya namna nyingine, kwani kaboni yenye unyevu hunyonya oksijeni ya hewa iliyoizunguka. Kuli anayeingia kwenye kontena au ghala lililofungwa lenye magunia yaliyolowa anaweza kuzimia bila kusikia harufu yoyote. Milango ifunguliwe na hewa ipite kwanza.

Na ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ina takriban nusu tani, hivyo bodi hujaa wakati mizani bado iko mbali na kikomo. Anayetoza kwa tani anasafirisha hewa kwa hasara, wenye uzoefu hutoza kwa nafasi.